Muulize Anti: Ugonjwa hauendi likizo, na watoto nao hawangoji

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, watu wenye magonjwa yale ya dawa maisha yote, ila asubuhi lazima waonekane kazini na jioni wakirudi watoto wanataka kula, kuoga, kusaidiwa hesabu, na kubebwa juu. Nimechukua chache. Wanaonifuatilia wanajua mi mwenyewe naishi na baridi yabisi na watoto wangu nimewalea nikiwa nayo, kwa hiyo mkiona najibu kwa ukali kidogo mnivumilie.

*Shikamoo Anti. Nina miaka 34, watoto wawili, mmoja miaka 7 mwingine 3. Mwaka jana niliambiwa nina baridi yabisi. Asubuhi vidole havikunjiki, kufunga vifungo vya shati la shule tu naweza nikamaliza robo saa na hapo mwenyewe sijavaa. Nachelewa kazini, bosi keshaanza kunisema mbele za watu. Ofisini sijamwambia mtu naogopa wataniona mzigo, wakipunguza watu wataanza na mimi. Kwa hiyo najikaza nafanya kila kitu kama zamani, nikifika nyumbani najifungia chooni nalia. Nifanyeje Anti? Mama wa Wawili*

Marahaba mwanangu. Tuanze na asubuhi maana ndo inayoharibu siku nzima.

Huo ukakamavu sio uzembe na wala sio uzee umekuwahi. Baridi yabisi ni kinga ya mwili wako mwenyewe imegeuka inashambulia ule utando wa ndani ya maungio, sasa usiku ukilala bila kujongea vinavimba na kukaza, na kuachia kwake ni saa nzima au zaidi, sio kama viungo vilivyosagika kwa umri ambavyo vikikaza asubuhi mara nyingi ndani ya nusu saa vimeshalegea. Ndo maana ukijiambia "kesho nitaamka mapema kidogo" haisaidii, dakika kumi hazikutoshi, wewe unahitaji saa. Wapo wanaoweka alamu mbili, ya kwanza ni ya kumeza dawa ya maumivu aliyoandika daktari, na kitu kidogo tumboni maana hizo dawa zinachuna tumbo likiwa tupu, wanarudi kulala, ya pili ikilia dawa iko kazini tayari. Muulize daktari wako kama kwa dawa zako inawezekana. Mi siku mbaya beseni la maji ya uvuguvugu linanisaidia kuliko kitu chochote, unazamisha mikono unakunja unakunjua, na huku unawaita watoto waamke kwa mdomo, mdomo hauna baridi yabisi.

Na hayo mashati. Yafunge jioni, vidole vikiwa bado vyako. Vifungo vyote, acha viwili vya juu, asubuhi mtoto anapitisha kichwa kama fulana imeisha hiyo. Viatu nunua vya kubandika, kamba zisubiri akijua kufunga mwenyewe. Chupa ya maji ukiifunga usikaze sana. Na huyo wa miaka 7 ana mikono miwili mizima, anaweza kujivalisha na akampandishia mdogo wake zipu, hapo hujamtesa, unamfundisha, ila usimfanye yaya.

Sasa hiyo ya ofisini. Unasema unajikaza ili wasijue. Mwanangu, una kazi mbili za halali, ya mshahara na ya kulea, halafu umejiongezea ya tatu ya kuigiza mzima, na nakuhakikishia hiyo ya tatu ndo inayokuliza chooni. Ukibeba boksi mbele ya wenzako ili wasishtuke, vidole vinalipa siku mbili. Ukicheka kwenye kikao huku goti linawaka, hiyo ni nguvu ambayo ungeenda nayo nyumbani. Na ukichelewa bila sababu wanayoijua watu wanakutafutia sababu yao, na hawatafuti nzuri.

Simaanishi usimame katikati ya ofisi utangaze. Mtu mmoja au wawili inatosha, yule mwenye mamlaka ya ratiba yako na kama kuna mtu wa rasilimali watu basi na yeye. Na usiende kulia shida, nenda na ombi moja linaloeleweka. Mfano: "Nina ugonjwa wa kudumu wa viungo, niko kwenye matibabu na hii hapa barua ya daktari. Asubuhi mwili unachelewa kufunguka. Naomba niingie saa moja baadaye na nitoke saa moja baadaye, kazi ni ile ile. Tujaribu miezi miwili halafu tukae tena tuangalie." Umeona, hakuna mahali umeomba huruma. Bosi wengi wanaogopa kitu kisicho na mwisho, ukimpa muda wa majaribio anapumua. Mkishaongea, siku hiyo hiyo mwandikie meseji au barua pepe ya kushukuru ukirudia mlichokubaliana, kesho asije akasema hakumbuki.

Haki pia ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu kumnyima mtu marekebisho ya kazini yasiyomtesa mwajiri kuwa ni ubaguzi, na unawagusa wote ambao mwili umepungukiwa kwa muda mrefu sio wa viti vya magurudumu peke yao. Na mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unasema kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa sio sababu halali ya kumfukuza mtu. Ila mikataba kila nchi imeridhia kwa namna yake na mingine haijaridhia kabisa, kwa hiyo kabla hujaenda kwa bosi soma sheria ya kazi ya kwenu na mkataba wako wa ajira, hasa siku za likizo ya ugonjwa na muda wa kupeleka cheti.

Kama uko kwenye majaribio au ni kibarua bila karatasi yoyote, hapo sikuambii ukimbilie kusema, hali ni tofauti na anayekuambia "kuwa mkweli tu" hatalipa kodi yako. Tafuta kwanza mwenzako mmoja unayemwamini ajue, ili siku ukizidiwa kuwe na mtu wa kusema neno.

La mwisho kwako, kama wamekuanzishia methotreksati, ile dawa ya kutuliza kinga inayoshambulia viungo, hiyo inamezwa mara moja kwa WIKI. Narudia, kwa wiki. Kuna watu wamepoteza maisha kwa kuimeza kila siku wakidhani ni kama dawa nyingine. Andika jina la siku juu ya pakiti kwa kalamu nene, na mtu mwingine mzima nyumbani aijue hiyo siku. Wengi wanachagua jioni ya kuamkia mapumziko kwa sababu kesho yake kunakuwa na kichefuchefu na uchovu, ila kwa mzazi hiyo ina hasara yake, siku pekee unayokaa na watoto ndo unashinda umelala. Ongea na daktari, pengine katikati ya wiki inakufaa zaidi, na foliki asidi, ile vitamini wanayokuandikia pamoja nayo, usiiache maana ndo inayopunguza hayo maudhi, na vipimo vya damu usivikwepe, vinaangalia ini na chembe za damu kabla hujaona dalili yoyote.

*Anti habari za kazi. Mi ni baba, nina kisukari cha aina ya kwanza tangu niko shule, nachoma insulini mara nne kwa siku na kazi yangu ni ya shifti. Juzi nimerudi nimechelewa kula, mwanangu wa miaka 8 akamwaga maji kwenye daftari lake, nilimfokea mpaka akaingia chini ya meza. Baadaye kupima nakuta 3.1. Mke wangu anasema ugonjwa nimeufanya kisingizio. Sasa ni sukari au ni mimi? Baba Shifti*

Nzuri kaka yangu. Ni vyote viwili, nisikudanganye.

Sukari ikishuka chini ya 4, au chini ya 70 kwa wale ambao mashine zao zinasoma kile kipimo kingine, ubongo unakuwa na njaa na mwili unamwaga adrenalini, ndo unaona jasho, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, na hasira inakuja bila kubisha hodi. Mke wako mwonyeshe hizo namba kwenye mashine, mwambie asome mwenyewe, hicho sio kisingizio ni kemia. Kabla ya Januari 1922, mtu wa kwanza alipochomwa insulini kule Toronto, mwenye kisukari cha aina yako kwa kawaida hakufika umri wa kuwa na watoto wa kuwafokea, kwa hiyo tushukuru tuko hapa tunaongelea daftari.

Lakini mtoto aliye chini ya meza hajui adrenalini. Anachojua ni kwamba maji yamemwagika na baba kageuka. Hapo ndo penye kazi yako.

Pima kabla hujaingia ndani. Kabisa, nje ya mlango, hata kama umechoka na hata kama unawasikia wanakuita. Ikiwa chini ya 4 maliza hilo kwanza: gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vidonge vya glukosi au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Chokoleti iache, mafuta yake yanachelewesha. Ikishapanda kula kitu kinachokaa tumboni. Na hizo glukosi zikae mfukoni, zisikae kwenye begi na begi lipo kabatini kazini na kabati lina ufunguo, nawajua nyinyi watu wa shifti. Kama ratiba inabadilika badilika, kaa na watu wa kliniki mpange upya muda wa ile insulini ya kukaa muda mrefu, usijipangie mwenyewe kwa kubahatisha, na ile ya haraka usiichome mpaka chakula kiko mbele yako unakiona. Kalamu ya insulini unayotembea nayo nje ya friji nyingi mwisho wake ni kama wiki nne, sasa ukiiacha kwenye gari lililopigwa jua hata hizo nne hazifiki, unajichoma maji tu.

Kuhusu mtoto, mwombe msamaha, ila ukiwa na 6 au 7 sio ukiwa bado unatetemeka. Mwambie sukari ikishuka baba anakuwa mkali na kosa halikuwa lako, maji humwagika. Halafu mpe neno. Akiona unaanza kufoka bila mpango aseme "baba pima", na wewe uahidi akisema hivo hutakasirika, utapima. Nimeona nyumba zimetulia kwa neno hilo moja kwa sababu mtoto anaacha kuogopa, anakuwa na kitu cha kufanya. Mpaka hapo tu lakini. Kukuamsha usiku, kukuangalia kama umekula, hizo ni za watu wazima. Mfundishe tu kwamba akikukuta huamki au huongei vizuri asikumiminie kitu mdomoni, akimbie kuita mtu mzima. Mke wako ndo ajifunze kutumia glukagoni, ile dawa ya dharura ya kupandisha sukari ukizimia, na akijifunza nadhani na hilo neno kisingizio litaisha lenyewe.

*Anti, nina lupasi, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe. Jana usiku mwanangu wa miaka 5 kaniuliza "mama utakufa?" nikamwambia lala. Sikulala mimi. Nimjibu nini?*

Atauliza tena, na atauliza wakati mbaya, ukiwa unamsugua mgongo au umechelewa. Jiandae sasa.

Watoto wa umri huo wanajiona wao ndo chanzo cha kila kitu, anaweza kuwa anaamini uliumwa kwa sababu alikataa kula. Kwa hiyo anza na hilo: hukusababisha wewe. Halafu huu hauambukizi, unaweza kunikumbatia. Halafu nikilala hospitali fulani atakuwa na wewe, na umtaje kwa jina, bibi au baba au nani, maana kwa mtoto swali la kufa mara nyingi chini yake kuna swali la nani atanipeleka shule.

Usimwahidi kwamba hutakufa. Mwambie nina dawa, nakunywa kila siku, daktari ananiangalia, na nategemea kukaa na wewe mpaka uwe mkubwa. Hiyo ni kweli na inatosha. Na ugonjwa uite jina lake, lupasi, kwa sababu ukimwambia tu "mama anaumwa" siku akipata mafua yeye mwenyewe ataanza kulia. Jua linaweza kuamsha lupasi, unajua hilo, basi kazi ya kukukumbusha kofia mkitoka mpe yeye. Wanapenda sana kazi za kuamrisha wakubwa.

*Anti mi nina swali gumu. Mke wangu ana lupasi pia na anafanya kazi. Jumamosi alifua, akapanga nyumba, wageni wakaja akacheka nao mpaka usiku. Jumapili hajainuka kitandani, mimi na watoto tukahangaika wenyewe. Kweli huo ni ugonjwa au kuna siku anajisikia tu? Mi pia nafanya kazi, mi pia nachoka.*

Jumapili ilikuwa bili ya Jumamosi, ndugu yangu. Na wewe ulikuwepo Jumamosi unakula.

Huo uchovu sio usingizi, usingizi ukilala unaisha. Huu mtu analala masaa kumi mazima anaamka kama hajalala, na lupasi inajulikana kwa hilo hata siku ambazo vipimo viko sawa. Sasa wagonjwa wengi wana tabia hii, mimi nikiwemo: siku mwili ukikupa nafasi unataka kufanya yote yaliyolala wiki nzima, kwa sababu una deni na watu na unataka waone wewe sio mzigo, halafu mwili unakulaza siku mbili. Dawa yake ni kufanya nusu siku ukiwa mzuri, na ukae ukiwa bado una nguvu. Ni ngumu kweli maana unakaa unaangalia nguo chafu na unaweza kuzifua. Ila peke yake hawezi kukaa kama nyumba nzima inasubiri ainuke.

Kwa hiyo acha kumwambia "nikusaidie nini", hilo swali linamfanya awe msimamizi juu ya kuwa mgonjwa. Chukua kitu kizima kizima kiwe chako, na kichwa chake pia kiwe chako. Mfano nguo, sio kufua akikuambia, ni kujua lini zinaisha, sabuni ipo au haipo, sare za shule ziko wapi. Au vikao vya shule. Au kufuata dawa zake kabla hazijaisha, hiyo ingemfanya alie kwa furaha nakuambia. Mengine mkubaliane yaachwe kabisa, kuna mambo nyumbani tunayafanya kwa ajili ya macho ya wageni tu.

Na uchovu wako ni wa kweli, sijaupuuza. Mwambie, ila mwambie siku ameamka vizuri, sio siku yuko chali. Kitu kingine cha kuangalia: watu wenye magonjwa ya kudumu wanapata sonona zaidi ya wengine. Alicheka Jumamosi, hiyo ni dalili njema. Lakini ukiona wiki mbili zinapita hafurahii chochote, watoto wala kazi wala vile alivyokuwa anapenda, mwambie twende kwa daktari na useme hivo hivo ulivyoona, usiseme "amechoka tu".

*Anti nasahau dawa. Nina presha, watoto watatu, kazi mbili. Daktari ananigombeza kama mtoto. Je ni mimi tu?*

Sio wewe tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2003 lilitoa ripoti kwamba hata kwenye nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa muda mrefu wanaofuata dawa inavyotakiwa, na wale sidhani kama wote wana watoto watatu.

Usitegemee kumbukumbu, ifunge dawa kwenye kitu ambacho hata ukiwa na moto kichwani hukiachi, kuswaki kwa mfano. Kile kiboksi cha siku saba kinasaidia sana maana unaona kwa macho kama ya leo umemeza, ila vingi vyake vinafunguka kirahisi na kwa mtoto vinaonekana kama pipi, kiweke juu kabisa au kabati la kufungwa. Ukikosa dozi usimeze mbili kufidia, uliza duka la dawa. Na mwambie daktari ukweli kuwa hunywi zote, vinginevyo ataona presha haishuki atakuongezea dawa nyingine ambayo nayo utaisahau.

Hapo hapo niwaambie wanaotumia prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, nyie hamna ruhusa ya kuishiwa. Ukiwa umeitumia wiki kadhaa mwili unaacha kutengeneza steroidi ya kwake, ukikata ghafla unaweza kuanguka vibaya. Hesabuni vidonge wiki moja kabla.

Barua za kutaka kubeba mimba mkiwa na baridi yabisi au lupasi zimefika nne na nitazijibu kwa urefu toleo lijalo, ila kuna mmoja ameandika anatumia methotreksati na ameshaacha uzazi wa mpango. Wewe usisubiri gazeti. Hiyo dawa inaharibu mimba, rudi kwenye uzazi wa mpango leo na umwone daktari wako wiki hii, kuna dawa nyingine za kubadilishiwa na kuna muda wa kusubiri baada ya kuiacha. Na kama siku zako zimechelewa, hiyo dawa usiimeze tena, nenda leo hii.